Mwanagenzi Mwenye Mvi



Katika mitaa yetu ya pwani, akionekana kijana wa miaka 18 amebeba karai la zege, watu humpa hongera kwa kuwa anajifunza kazi. Akionekana mtu wa miaka 45 amebeba karai lile lile, watu humwonea huruma, na pengine huulizana kwa sauti ya chini amefikwa na nini. Jambo hili nina haki ya kulisema, kwani karai hilo nimelibeba mwenyewe.

Mimi nimesomesha chuoni hapa Mtwara tangu ujanani. Mwalimu wa chuo hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Hula kile wazazi wanachojaaliwa kukileta, na mwaka ambao korosho hazikupata bei hata hicho hupungua. Mwaka 2004, nikiwa na miaka 44 na watoto sita nyumbani, nilianza kujifunza uashi. Asubuhi nilikuwa jengoni, na baada ya laasiri nilikuwa chuoni. Fundi wangu alikuwa kijana wa miaka 26, na alif yake ya kwanza aliisomea kwangu.

Watu hudhani kuwa mtu mzima hushindwa na kazi ya mikono kwa sababu mikono imezoea mengine. Sivyo. Mikono hufuata. Kinachokataa kufuata ni cheo. Kijana yule alinipa shikamoo kila asubuhi kama alivyozoea, kisha akasema, "Shehe, naomba timazi," nami nikamletea. Mimi tangu siku ya kwanza nilimwita fundi, mbele ya watu, wala sikumwita kwa jina. Wapo waliocheka. Lakini mtu aliyekuzidi katika elimu fulani ni mwalimu wako katika elimu hiyo, na adabu ya mwanafunzi ni wajibu wako, hata kama ulimfunza wewe kuosha mikono yake.

Tukisoma kisa cha Nabii Musa (A.S.) na Khidhri katika Suratul Kahf, wengi wetu hutazama mashua na ukuta, tukasahau ni nani aliyekuwa mwanafunzi. Alikuwa ni Mtume, mtu mzima, aliyezungumza na Mola wake. Naye ndiye aliyeomba ruhusa ya kufuata, akawekewa sharti la kutouliza. Na jambo la mwisho waliloliona pamoja lilikuwa kazi ya uashi: ukuta uliotaka kuanguka ukasimamishwa, bila ya ujira, katika mji uliokataa kuwapa hata chakula. Wafasiri wamekhitalifiana jinsi ulivyosimamishwa. Wako wasemao kuwa aliupangusa kwa mkono ukanyoka, na wako wasemao kuwa aliubomoa akaujenga upya. Mimi, kwa kuwa nimeonja saruji, moyo wangu huelekea kwa hawa wa pili.

Basi sikiliza habari ya mtu mmoja wa Msimbati, aliyekuwa mwanagenzi pamoja nami, naye akinizidi umri. Alikuwa mvuvi wa kokoro. Baruti zilikuwa zimekwisha vunja matumbawe mengi ya pwani yetu, na mwaka 2000 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, eneo la kilomita za mraba 650, na nyavu za namna yake hazikuwa na nafasi tena. Akaja mjini kutafuta kazi ya ujenzi. Siku ya tatu, fundi mmoja kijana, si huyu wangu, alimpigia kelele mbele ya vibarua: "Wewe mzee, vipi? Zege linakauka!" Akaliweka karai chini, akanawa miguu, akarudi kwao. Miezi miwili ikapita nyumbani kwake hakuna kipato, na binti yake akaacha kwenda shule.

Nilimfuata. Tulikaa chini ya mnazi, nikamwuliza, "Bwana, chomboni huamuru nani?" Akasema, "Nahodha." Nikamwuliza, "Na nahodha akiwa mdogo wako?" Akanyamaza kitambo, akasema, "Bahari ni bahari." Nikamwambia, "Na jengo ni jengo." Jumatatu alikuwa jengoni.

Lakini nawe kijana mwenye mwiko mkononi, nina neno nawe. Mtu wa umri wa baba yako akija kujifunza kwako, amekwisha lipa ada kubwa kabla hujamwonyesha kitu. Mwamuru upendavyo, ila usimfokee.

Tena mtu mzima haji mikono mitupu. Mvuvi yule aliijua chumvi. Sisi wa pwani tuna tabia ya kuchota mchanga ufukweni kwa kuwa hauuzwi. Yeye ndiye aliyekuwa mkali kuliko sote juu yake, kwa maana alikuwa ameona chumvi inavyokula misumari ya mashua. Ndivyo inavyokula nondo ndani ya zege, na lipu huanza kuvimba na kubanduka mwenye nyumba akiwa amekwisha hamia. Mchanga wa mto, au uliooshwa vyema kwa maji baridi, ndio wa kujengea. Na nyumba za kale za Mikindani, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zinatufunza jingine: kuta zile hupumua. Ukizipaka saruji, unyevu hufungiwa ndani, na lipu huanguka vipande vipande. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilipokarabatiwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ilibidi kurudi kwenye elimu ya chokaa. Wazee ndio walioikumbuka.

Sitakuficha shida zake. Mgongo wa miaka 44 si wa miaka 20, na ndiyo maana nilifanya haraka kuuacha ubebaji na kushika lipu na vigae, kazi inayotaka jicho zaidi kuliko nguvu. Mwaka wa kwanza ujira ni wa kibarua tu. Mwaka ule nyumba yangu ilisimama juu ya vitumbua vya mke wangu, aliyekuwa akiamka kabla ya adhana. Mwenye kutaka kubadili kazi aanze kwa kushauriana na mkewe, ndipo amtafute fundi.

Na ujuzi huo una soko. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilianza kazi Mtwara mwaka 2015, na mwaka huo huo likazinduliwa bomba la gesi kutoka Madimba hadi Dar es Salaam. Gesi ya Mnazi ilikuwa imegunduliwa tangu 1982. Majengo yaliota kila upande, na wengi wa vijana wetu waliishia kubeba mizigo kwa kukosa ufundi. Aliyejifunzia jengoni asidhani mlango wa cheti umefungwa: VETA hupima ujuzi wa mtu aliyeupata kazini bila ya kukaa darasani, akifaulu akapewa cheti.

Mtu wa Msimbati alikwenda kupimwa akiwa na miaka 57. Waliopimwa naye walikuwa vijana watupu. Alikuwa na mwiko wake mwenyewe mfukoni, na binti yule yule alimsindikiza ili amjazie fomu.