Barua Iliyopita Mikononi Mwake

Barua ya kunipandishia mshahara iliwekwa kwenye jalada langu binafsi na mama ambaye hakupata hata shilingi moja ya nyongeza ile. Ilikuwa mwaka 2001, katika wizara moja jijini Dar es Salaam. Kila ninaposikia mjadala kama watumishi wa umma walipwe bonasi kwa utendaji wao, namkumbuka yeye kwanza.

Niliajiriwa mwaka 1988. Miaka ile mshahara wa serikali haukufika tarehe 15. Maofisa walifuga kuku uani, wake zao wakauza barafu na maandazi, na saa 8 mchana meza nyingi zilikuwa zimeshabaki na makoti tu juu ya viti. Kisha likaja punguzo. Kati ya 1992 na 1995 watumishi takribani 50,000 waliondolewa kazini nchi nzima. Masijala yetu ilikuwa na watu saba, wakabaki watatu. Mkubwa wao tulimwita Mama Masijala.

Alikuwa na daftari la mwendo wa majalada, lakini aliyajua kwa kichwa. Ukimwambia, "Shikamoo mama, nahitaji lile la mgogoro wa shamba," anaitikia marahaba huku ameshainuka. Kabla chai haijapoa, jalada liko mezani, folio zimepangwa, dokezo la mwisho liko juu. Nilisifiwa na wakubwa kwa kujibu hoja haraka. Haraka ile ilianzia kwake.

Mwaka 2000 ilianza Programu ya Kuboresha Utumishi wa Umma, na ndani yake mpango tuliouita SASE: nyongeza ya mshahara, kwa msaada wa wafadhili, kwa nafasi chache zilizoteuliwa. Lengo lilikuwa la haki kabisa. Serikali ilikuwa inapoteza wataalamu wake, nao waliobaki waliishi kwa posho za semina na miradi. Nafasi yangu ikateuliwa. Sikukataa, wala sijutii kupokea; nilikuwa na watoto watatu shuleni.

Tuliambiwa jambo lile ni la siri. Lakini barua ya mtumishi ina nakala, na nakala huenda masijala. Mama Masijala alizigonga mhuri, akazipa namba, akaziweka kila moja katika jalada la mwenyewe. Alizimaliza zote bila kuona jina la yeyote wa chumba chake.

Hakugombana na mtu. Siku chache baadaye nilipomwomba jalada alinijibu kwa upole, "Mwanangu, andika kwenye fomu. Likipatikana utaletewa." Utaratibu ulikuwa hivyo tangu zamani, ila yeye ndiye aliyekuwa akituvusha. Sasa jalada la dakika kumi likawa la siku tatu.

Mwaka huohuo wa 2001 akaja mzee mmoja kutoka Songea, mstaafu, akitafuta barua yake ya ajira ya kwanza ili mafao yake yakamilike. Mara mbili aliambiwa arudi. Mara ya tatu nilimkuta amekaa kwenye ngazi, kofia magotini. Nikashuka masijala mwenyewe na namba ya jalada mkononi, nikahangaika kwenye makabati hadi adhuhuri nisione kitu. Mama Masijala alinitazama kwa muda. Kisha akainuka, akaenda kwenye rafu ya nyuma, akarudi na jalada lililopauka. Hakumpa mtu mwingine. Alimpelekea mzee mwenyewe kwenye ngazi, akampa pole.

Siku ile nilielewa tulichokuwa tumekivunja. Kazi ya ofisi ya umma hupita mikono mingi. Ukimlipa mmoja kwa matokeo yaliyobebwa na wengi, wale wengine watabaki na kile tu walichoandikiwa kufanya.

Mwaka 2004 taarifa za siri za utendaji ziliachwa, ikaja OPRAS, mtumishi na msimamizi wake wakikubaliana malengo ya mwaka. Niliipokea kwa furaha, maana mtu ana haki ya kuijua mizani anayopimwa nayo. Lakini nilipojaza fomu ya Mama Masijala kalamu ilisita. Jalada ambalo halikupotea unalihesabuje?

Kwa hiyo sisemi bonasi isiwepo. Mkoani Pwani, tangu 2011, vituo vya afya vililipwa kwa kufikia malengo, na malipo yalifuata matokeo ya kituo kizima. Watafiti waliofuatilia waliona wanawake wanaojifungulia vituoni wameongezeka. Huko ndiko ningeelekea: malengo yajulikane na wote, na malipo yaende kwa kundi, tarishi na mtunza majalada wakiwamo. Lakini kabla ya hapo, mshahara wenyewe umtoshe mtu kuishi, maana bonasi juu ya njaa ni posho nyingine tu.

Mama Masijala alistaafu mwaka 2005. Nililifungua jalada lake ili niandae barua ya kumuaga. Lilikuwa jembamba: ajira, kuthibitishwa kazini, likizo. Hapakuwa na karatasi hata moja ya pongezi. Langu lilikuwa nene, na kila folio ndani yake ilikuwa na namba ya mwandiko wake. Nikaandika barua ya kumshukuru, nikaigonga mhuri mwenyewe, nikashuka nayo kumkabidhi mkononi.