Nyemelezi: Neno Moja, Hukumu Mbili

Kitenzi 'nyemelea' humjia Mswahili pamoja na taswira yake: paka anayemvizia panya, mwizi anayenyata gizani. Kutokana nacho tumepata istilahi 'magonjwa nyemelezi', yaani maradhi yanayongoja kinga ya mwili idhoofike ndipo yavamie. Kisarufi na kimaana, istilahi hii haina ila. Hata hivyo, nimeiona ikimwumiza mtu.

Shangazi yangu aliugua saratani ya damu. Katika ugonjwa huo chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili, huzalishwa zikiwa na kasoro, na dawa za kuutibu huziangamiza hata zilizo nzima. Hapo ndipo bakteria wa kifua kikuu, ambao Robert Koch alitangaza kuwagundua mwaka 1882, na ambao huweza kulala mwilini kwa miaka mingi bila dalili, hupata mwanya wa kuamka. Jamaa zao waishio majini na udongoni, ambao aghalabu hawamdhuru mwenye afya, nao huweza kumvamia mgonjwa wa aina hii. Shangazi alipatwa na kifua kikuu. Daktari akatuambia, "Huu ni ugonjwa nyemelezi."

Neno hilo lilitutangulia kijijini. Kwa kuwa nchini Kenya lilizoeleka katika kampeni dhidi ya UKIMWI, waliolisikia hawakuuliza zaidi. Kikombe chake kilitengwa, na waliokuja kumjulia hali wakapungua. Hata angekuwa na UKIMWI, hakustahili kutendewa hivyo.

Familia iliniomba nizungumze na majirani. Niliiweka istilahi kando, nikasema, "Zizi likibomoka, fisi huingia. Fisi ni yule yule, ila zizi hubomolewa na mengi: mchwa, mafuriko, uzee."

Mzee mmoja akauliza, "Na zizi la shangazi yako, mwanangu, lilibomolewa na nini?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza kuulizwa tangu augue. Nililijibu.

Shangazi alimeza dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4, akapona kifua. Saratani ndiyo iliyomwondoa mwaka uliofuata, na majirani wale wakamzika wakijua kilichomuua.

Wanaisimu wenzangu, tunapounda istilahi huzipima kwa ufupi, uwazi na ulinganifu wake. Napendekeza tuzifuate pia hadi kijijini, tusikilize zinavyoeleweka huko.