Mama hakuiona siku ile

Wadau, leo naomba niongelee jamaa mmoja wa Afrika Kusini. Jina simtaji, ila kwa Kiswahili lingekuwa Zawadi.

Mama yake alikuwa anafanya usafi kwenye klabu ya besiboli pale Randburg, wakaishi kwenye chumba kidogo humohumo klabuni. Dogo akakulia uwanjani. Mwaka 2008 akasajiliwa na Pittsburgh Pirates ya Marekani, akasota ligi za chini zaidi ya miaka 8. Tarehe 26 Aprili 2017 ndo akacheza ligi kuu, mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kufika huko. Zamu yake ya kwanza kupiga, akaupiga mpira, akafika kituo cha kwanza salama.

Ila mama alishafariki, 2013.

Hapo ndo nilipoumia. Maza wangu anafua nguo za watu, na mimi tangu nimalize form four namwambia, "Subiri nitoke kwanza."

Jana nimepata elfu kumi. Nikanunua samaki, nikampelekea. Akauliza, "Umeshatoka?"

"Bado mama. Ila tule kwanza."