Konokono wa Kisiwa cha Moorea

Kila mtoto aliyekulia pwani ya Afrika ya Mashariki amjua konokono mkubwa. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi humkuta juu ya mgomba au katika mchicha, akijivuta polepole na gamba lake mgongoni, na njia yote aliyopita ing'aa kwa ute. Huzaa sana; kwa mara moja aweza kutaga mayai zaidi ya 100. Mkulima humwokota, humtupa mbali, huendelea na kazi yake. Ni nani adhaniye kwamba mnyama huyu aweza kuwa mwanzo wa msiba ng'ambo ya bahari?

Mbali sana, katika bahari ya Pasifiki, kipo kisiwa cha Moorea, jirani ya Tahiti, navyo vimo katika milki ya Ufaransa. Ni kisiwa cha milima yenye ncha kali na mabonde yenye miti mingi. Katika miti hiyo walikaa konokono wa namna nyingine, ambao wataalamu huwaita Partula. Ni wadogo; gamba la mmoja halizidi sana pingili moja ya kidole. Wengine ni weupe, wengine wa kahawia, wengine wana mistari. Mchana hulala wamejibandika chini ya majani. Usiku hutoka kula majani yaliyooza na uchafu wa kijani uotao juu ya majani. Hawaharibu shamba la mtu. Wala hawatagi mayai, bali huzaa mtoto mmoja mmoja, naye hutoka na kigamba chake tayari. Wenyeji waliyatunga magamba yao kuwa mikufu. Moorea peke yake ilikuwa na aina 7. Mtaalamu wa Marekani, Henry Crampton, aliwachunguza kwa miaka mingi, na kitabu chake juu ya konokono wa Moorea kikatolewa mwaka 1932. Aliona kwamba wa bonde hili hawafanani sawasawa na wa bonde la pili.

Mwaka 1967 konokono mkubwa wa Afrika alifika Tahiti. Konokono hawezi kuvuka bahari kwa nguvu zake. Mtu ndiye amchukuaye. Basi akazaana, akala bustani za watu, nao wakalalamika. Wenye amri wakatafuta dawa. Walikuwa wamesikia habari za konokono mwingine, mwenye gamba la wekundu kidogo, atokaye Florida katika Marekani, ambaye hali majani bali hula konokono wenziwe. Waswahili husema, "Dawa ya moto ni moto." Nao walifikiri vivyo hivyo, ya kuwa dawa ya konokono ni konokono. Mwaka 1974 mgeni yule akaletwa Tahiti, na mwaka 1977 akaachiliwa Moorea.

Lakini mgeni hakujua yupi ni adui wa mkulima na yupi hana hatia. Hufuata ute wa mwenziwe kama mbwa afuatavyo harufu ya paa, naye hupanda hata mitini. Wale wadogo waliolala chini ya majani hawakuwa na mbio, wala sumu, wala mahali pa kujificha. Tena, kwa kuwa huzaa mmoja mmoja, hawakuweza kuziba pengo la waliokufa. Bonde moja likabaki tupu, kisha la pili, kisha la tatu. Wataalamu waliokuwa wakiwachunguza waliona hatari, wakachukua wachache walio hai na kuwapeleka ng'ambo. Mwaka 1987, watu walipowatafuta kisiwani, hawakumwona hata mmoja. Miaka 10 tu ilitosha.

Waliochukuliwa walitunzwa London na katika miji mingine, ndani ya masanduku yenye joto na unyevu kama wa kwao. Si wote waliookoka. Aina moja ya kisiwa cha Raiatea, Partula turgida, ilibakiwa na konokono mmoja tu. Alipokufa London, mwezi wa Januari mwaka 1996, aina yake ikakoma duniani. Wengine waliendelea kuzaa, vizazi kwa vizazi, hata ikawezekana kuwarudisha. Katika mwaka 2023 zaidi ya 5,000 walirudishwa visiwani, kila mmoja ametiwa tone la rangi gambani ili ajulikane. Na mwaka 2024 watafutaji walikuta Moorea konokono mzima wa aina ya Partula tohiveana, asiye na rangi gambani. Basi ilijulikana kwamba huyu hakuletwa na mtu. Alizaliwa pale pale mtini, akakua. Hata hivyo hatari haijaondoka, na watunzaji hawajapumzika.

Wale walioleta mla konokono hawakutaka ubaya. Walitaka kuwasaidia wakulima waliokuwa katika taabu, na jambo hilo ni jema. Lakini liko swali dogo ambalo hata mtoto aweza kuuliza: mgeni huyu akikuta chakula kingine kilicho rahisi zaidi, atakula kipi? Kuuliza swali hilo kabla hakugharimu kitu. Kutouliza kumegharimu miaka mingi ya kazi, na walio kama Partula turgida hawatarudi kwa kazi yoyote. Dawa ya moto ni moto, ni kweli. Lakini awashaye moto wa pili yampasa kwanza atazame upepo unavuma kwenda nyumba ya nani.