Upepo wa Sarima, Taa ya Makongeni

Ijumaa, 25 Agosti 2023

Stima zimepotea saa nne kasorobo usiku, sindano ikiwa ndani ya kola. Nimezungusha gurudumu la cherehani kwa mkono hadi ikatoka, ndipo nikatafuta mshumaa. Jogoo Road giza, Kaloleni giza. Mdogo wangu amepiga simu kutoka Kisumu: kwao pia. Sare kumi na moja hazijaisha, na shule zinafunguliwa Jumatatu.

Jumamosi, 26 Agosti

Ni karibu nchi nzima. Kwenye kibanda cha mboga watu wameshinda wakiilaumu mitambo ya stima ya upepo kule Turkana. Nimeumia kusikia hivyo. Wanaume wanne wakisukuma mkokoteni wenye magunia mlimani, mmoja akaachilia ghafla, hao watatu watauzuia? Gridi ndivyo ilivyo: chanzo kikubwa kikitoka, yeyote aliyekitoa, mzigo wote unaangukia vilivyobaki, navyo vinajizima kimoja baada ya kingine.

Stima zimerudi jioni. Nimeshona hadi alfajiri.

Jumapili, 27 Agosti

Binamu amekuja baada ya kanisa. Alikuwa dereva wa malori yaliyobeba mabawa ya mitambo ile kutoka Mombasa hadi karibu na Loiyangalani. Bawa moja ni mita 25 hivi. Kona moja mbaya ingewaweka nusu siku. Ilibidi barabara ya kutoka Laisamis hadi huko, kilomita 208, itengenezwe upya kwanza. Anasema upepo unabanwa kati ya milima ya Kulal na Nyiru, na usiku unavuma hadi lori lililosimama linatikisika. Mitambo 365, megawati 310. Ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini nyaya za kuleta stima hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, zikakamilika 2018. Muda wote huo upepo ulipita bure.

Kisha akanyamaza, chai ikapoa. Pale Sarima, penye mitambo, mama mmoja alimuuliza, “Mwanangu, umebeba nini?” Akamjibu, “Stima, mama.” Mama akauliza, “Za nani?”

Jumatano, 30 Agosti

Sare zimeenda zote. Swali la yule mama halijaenda.

Ardhi ya mitambo ile ni ekari 150,000, malisho ya Warendille, Wasamburu na Waturkana. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hatimiliki zake hazikupatikana kisheria. Sisi wa Makongeni hapa Nairobi, katika nyumba walizojengewa wafanyakazi wa reli, tunajua kuzeeka mahali ambapo karatasi zake ziko kwenye droo ya mtu mwingine.

Na bado nautaka upepo ule, kwa moyo wote. Kiangazi kikishusha maji ya bwawa la Masinga, bila upepo na mvuke wa Olkaria tungekuwa tunachoma dizeli. Kinachoniuma ni kwamba unavuma zaidi usiku, Nairobi imelala, mahitaji yameshuka, na mitambo mingine ya upepo inaamriwa isimame. Upepo unatupwa huku manyatta ziko giza.

Nimenunua tokeni za stima za mia mbili. Saa tano usiku, cherehani inakimbia. Nimempigia binamu kumuuliza kama Sarima sasa kuna taa. Ataulizia kwa dereva anayepita Laisamis wiki hii.