Bibi Mzaa Baba Alizikwa Wapi?

Mimi ni mtendaji wa kijiji kwenye machimbo, wilayani Geita. Anayetaka kitambulisho cha NIDA huanzia mezani kwangu, kwenye barua ya utambulisho. Mnaosikia habari za wahamiaji haramu redioni mnadhani kazi ni kukagua karatasi. Huku kinachotangulia ni pua na kimo.

Nimekaa kwenye mahojiano ya uraia nikaona. Kijana mzaliwa wa Ngara, mrefu, pua nyembamba, anazungusha winchi kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji. Ana cheti cha kuzaliwa, cha shule ya msingi na nakala ya kitambulisho cha baba yake. Akaulizwa bibi mzaa baba alizikwa wapi. Akaambiwa aongee kilugha. Akaongea Kihangaza. "Huyu Mrundi." Kihangaza na Kirundi vinasikilizana, Kishubi na Kiha vilevile, ukipima uraia kwa sikio, nusu ya Ngara na Kasulu utaivusha mpaka. Aliyemfuata alikuwa mfupi, Kisukuma safi, hana hata cheti. Dakika tano, kapita.

Bila namba ya NIDA huwezi kusajili laini ya simu. Yule kijana mgawo wake unapitia simu ya mwenye duara, na makato hawezi kuyahoji.

Mwaka 2013 Rais Kikwete alitoa siku 14 wasio na vibali waondoke, kisha Septemba ikaja Operesheni Kimbunga: Kagera, Kigoma na Geita. Watu wakatajana. Ugomvi wa mpaka wa shamba uliolala ofisini miaka uliisha ndani ya wiki, kwa kuwa upande mmoja ulishaitwa Mnyarwanda. Ukiwa na ng'ombe wengi, ndiyo kabisa.

Sasa nenda kwenye karasha la kusaga mawe. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Mtanzania. Mgeni anaingia kwa mkataba wa msaada wa kiufundi. Unamkuta Mchina analipa vibarua, mwenye leseni yuko Mwanza. Mkataba pengine upo, mimi sijawahi kuonyeshwa. Gari la doria likifika yeye ni mwekezaji, anavutiwa kiti. Bibi yake hatajwi. Sisemi naye asumbuliwe, nasema sheria ni ileile.

Vijana wanaliona hilo, na linawauma. Julai 2025 lilipotoka agizo la kuwakataza wageni biashara 15, uchimbaji mdogo ukiwemo, walishangilia, wakaapa kwamba Wachina wataondoka.

Lakini wa kwanza waliyemleta ofisini kwangu alikuwa mama ntilie wa kwenye mialo ya kuoshea dhahabu, Mhangaza, amejifunga kanga yenye masizi ya jiko. Akatoa kadi ya mpigakura, ya kituo cha hapahapa kijijini.

"Mtendaji, hii si ulinishuhudia mwenyewe nikiandikishwa?"

Nikawaambia ndiyo, nilikuwepo. Mmoja wao akasema kadi siku hizi zinanunuliwa, halafu akamwambia avue kilemba wamwone vizuri.