Kamera Iwe Mgeni, Isiwe Mwenye Harusi

Zamani posa ikishakubaliwa, wazee waliulizana mambo mawili: nani ataozesha, na nikaha itasomwa msikiti gani. Siku hizi, hasa kwetu Unguja mjini, liko swali linaloyatangulia yote hayo, nalo ni kwamba picha zitapigwa wapi. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua ukumbi, saa ya shughuli, idadi ya waalikwa, na mara nyingine hata kiasi cha deni litakalobaki baada ya wageni kuondoka.

Hatuandiki haya kuwalaumu vijana. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, una kuta nyeupe za mawe na chokaa, milango ya nakshi, baraza, vichochoro vyenye kivuli na mapaa yanayotazama bahari. Haishangazi kuona maharusi wakivuka bahari kuja kupigwa picha hapa. Binti aliyezaliwa ndani ya mji huu ana haki zaidi ya kuutaka uzuri wake katika siku yake.

Mpwa wetu alipoposwa, sisi wajomba zake tulikabidhiwa kazi ya kutafuta mahali. Yeye mwenyewe alikwisha kupachagua: paa la hoteli moja, ghorofa ya nne, lenye mapazia meupe na upeo wa bahari. Alitueleza kwa adabu na kwa ufasaha kwamba ziko picha za namna mbili. Ya kwanza ni picha za kupanga, kama zile za majarida, ambapo mpiga picha huchagua ukuta, mwanga na mkao. Ya pili ni picha za kumbukumbu, ambapo hupiga yanayotokea bila kumpanga mtu: mama anayefuta machozi, mtoto aliyelala juu ya mkeka, mzee anayenyoosha mkono kupokea halua. Alizitaka zote mbili.

"Mjomba," alituambia, "harusi ni siku moja, picha ni za umri mzima."

Tulikwenda kupaona. Palikuwa pazuri kweli. Lakini ngazi zake ni zile za nyumba za kale, za mbao, zimesimama wima na hazina pa kupumzikia. Bibi yake, mama yetu, ndiye aliyemlea binti huyu tangu akiwa mdogo, na magoti yake hayapandi tena hata ghorofa moja. Tulipomweleza, hakulalamika. Alisema tu, "Nendeni, wanangu. Mimi nitamwona akishashuka."

Maneno hayo yalitukalisha chini. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja, na akatahadharisha juu ya walima ambao matajiri huitwa na masikini wakaachwa. Tukatambua kuwa ngazi nazo zinaweza kumwacha mtu nje ya walima bila yeyote kumnyima kadi. Na picha za kumbukumbu alizozitaka binti yetu zingekuwa kumbukumbu ya nini, ikiwa aliyemlea hayumo hata katika moja?

Hapo tukaanza kutafuta upya, na tukajifunza mambo ambayo tunaona yanafaa kila familia kuyajua.

La kwanza ni umbo la nyumba zenyewe. Vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, nazo kwa kawaida hazivuki sana mita 3. Chumba kama hicho hupendeza kwa watu ishirini. Wakiingia mia, mpiga picha hana pa kurudi nyuma, na wageni hawana pa kukaa. Tena nyumba kongwe ina uzito wake inaoweza kubeba. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sayyid Barghash, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020. Kwa hiyo, kabla ya kulipia ghorofa ya juu, mwenye nyumba aulizwe bila haya: sakafu hii inaruhusiwa watu wangapi?

La pili ni mwanga. Wapiga picha huutamani mwanga laini wa saa ya mwisho kabla jua halijazama. Kwetu jua huzama baada ya saa 12 jioni mwaka mzima, misimu ikitofautiana kwa takriban nusu saa, na giza huingia upesi. Maana yake ni kwamba saa wanayoitamani inagusana na adhana ya Magharibi, sala ambayo wakati wake ni mfupi. Tumeshuhudia shughuli ambamo bwana harusi aliambiwa asubiri "picha moja tu" mpaka wakati ukakaribia kutoka. Basi mahali panapofaa ni penye maji ya kutawadha, pa kusalia wanaume na wanawake, na ratiba iliyoandikwa ikionyesha kuwa kamera hushushwa adhana inapolia.

La tatu, na kwetu ndilo zito zaidi, ni sitara. Katika harusi moja ya jamaa zetu, bibi harusi alipigwa picha ndani ya shughuli ya wanawake watupu, kichwa wazi, nywele zimepambwa. Wiki chache baadaye picha hiyo ilionekana kwenye tangazo la ukumbi. Mumewe aliiona kwenye simu ya mfanyakazi mwenzake. Familia ilipokwenda kulalamika, ilionyeshwa mkataba waliotia saini wenyewe: kilikuwamo kifungu kinachoruhusu ukumbi kutumia picha za shughuli kujitangaza. Tangazo liliondolewa, lakini nani awezaye kuiondoa picha katika simu za watu?

Surat An-Nur imewaamuru wanaume na wanawake wainamishe macho yao, na kamera ni jicho lisiloinama. Wanazuoni wana kauli tofauti kuhusu picha za kamera, na kila familia ifuate wale inaowaamini. Lakini hata anayeruhusu hana budi kuuliza nani anapiga, nani anatunza, na nani ataona. Sisi tuliandika masharti manne: upande wa wanawake apige mwanamke, yeye pekee azisafishe picha hizo, faili zote akabidhiwe bibi harusi na nakala zifutwe, na mpiga picha wala mwenye mahali asichapishe picha yoyote bila ruhusa ya maandishi. Mmoja aliyakataa, tukaagana naye kwa wema. Wa pili aliyakubali na kutuambia kuwa familia nyingi zinatamani kuyasema ila zinaona haya.

Mwishowe tulipata nyumba yenye ua wa ndani, hatua chache kutoka msikitini. Mlango wake uko usawa wa njia, na upo mlango wa pili wa wanawake upande wa uani. Hakuna bahari. Kuna kuta zilizopauka, mti wa mlimau, na mwanga unaoshuka kutoka juu bila kuumiza macho. Gharama ilikuwa chini ya nusu ya ile ya paani, na tofauti ilirudi mikononi mwa baba wa binti, ambaye alikuwa tayari kukopa bila kumwambia mtu.

Nikaha ilisomwa msikitini baada ya Alasiri. Kama katibu wa kamati, tulimpa mpiga picha wa wanaume masharti tunayompa kila anayeomba: asipite mbele ya wanaosali, asiwashe taa ya kamera wakati wa ibada, asipande mimbari, asirushe droni. Bwana harusi alivaa joho na kilemba, kahawa na halua vikapita, kisha tukatembea kwa miguu hadi uani. Picha za mwendo ule mfupi kichochoroni ni miongoni mwa zilizo nzuri kabisa, na hakuna aliyepangwa.

Hatusemi kuwa binti yetu hakukosa kitu. Alilitaka lile paa, na tulimwona akilitazama siku ile tulipopita chini yake. Ndiyo maana ya kutoa. Tulichoweza ni kumtafutia badala: siku ya pili yake, baada ya Alfajiri, yeye na mumewe walitoka na yule mpiga picha mwanamke hadi Forodhani. Saa ile ufukwe ni mtupu, na kwa kuwa jua huchomoza nyuma ya majumba, upande wa bahari huwa na kivuli cha upole. Akiwa amejisitiri vizuri, akapata picha zake za kupanga, bahari ikiwa nyuma yake.

Kwa familia zinazojiandaa, nasaha yetu ni fupi. Kabla ya kulipia mahali, nendeni na mtu mzee kuliko wote na mkasali hapo sala moja. Someni mkataba mpaka mstari wa mwisho. Yakitimia hayo, mpiga picha mzuri atapata mwanga wake popote. Picha ambayo mpwa wetu ameining'iniza chumbani kwake haina bahari wala mlango wa nakshi: ni mikono miwili tu, mmoja wenye hina mbichi, mwingine wenye mikunjo, bibi akimvisha mjukuu wake bangili.

Wabillahi tawfiq.